Kubadili fomati za nyimbo za kaseti za mzee bila kuharibu sauti, naombeni msaada

mtoto_wa_ngamiani:

Wakuu heshima kwenu. Kuna jambo linaninyima raha wiki ya pili sasa, nimeona bora niulize kwa wanaojua mambo ya sauti kuliko kuendelea kubahatisha.

Marehemu baba ameacha kaseti 62 kwenye sanduku la bati hapa Tanga. Nyingi ni taarab, kuna za Black Star na Lucky Star alizokuwa anarekodi redioni enzi za RTD, kuna za kununua, afu kuna kama kumi na nne hivi ambazo hazipo popote duniani, ni taarab za harusi za kwetu alizorekodi mwenyewe na redio kaseti yake akiiweka juu ya kiti pembeni ya wapigaji. Bibi yangu anasikika mle anaongea, mashangazi wanapiga vigelegele, na wengi wao wameshatangulia mbele ya haki.

Mwaka jana nilimpelekea jamaa mmoja mjini anayefanya kazi ya kuhamisha kaseti kwenda kwenye flashi. Akanirudishia kaseti zangu zote pamoja na flashi ya GB 32. Nilivyofungua kwenye laptopu ndo nikakuta mchanganyiko, kaseti 20 zipo WAV, 33 zipo MP3 na nikiangalia propatizi inasoma 128 kbps, na 9 zilizobaki ni M4A. Sijui kwa nini alifanya hivyo, labda nafasi ilimuishia kwenye flashi, na sikuwa najua kitu cha kumuuliza.

Sasa redio ya gari langu inasoma MP3 na WMA tu. Dada yupo Muscat anatumia iPhone anataka zote, kaka yupo Leeds naye anataka zote, na mimi nataka zile za asili zikae salama miaka na miaka. Nikashusha programu ya bure nikakonvati folda mbili za MP3 kwenda WAV nikijua ndo napandisha kiwango, wimbo wa dakika 5 ukatoka MB 5 ukawa MB 53, nikafurahi kweli, kuja kusikiliza sauti ni ileile. Na zile MP3 za folda hizo mbili nikazifuta kwenye laptopu. Ipo na moja nilikuwa najaribu tu, nikaitoa MP3 nikaipeleka M4A nikairudisha tena MP3, sasa hivi inasikika kama watu wanaimba ndani ya pipa.

Maswali yangu: nitumie fomati gani? Nikikonvati sauti inapungua au haipungui? Na zile nilizofuta nimeharibu moja kwa moja au bado kuna njia? Hata kama jibu ni baya niambieni tu.

mlalahoi_dsm:

Mkuu usijichoshe, zipige zote MP3 320 kbps, ndo kiwango cha juu cha MP3, zinasoma kwenye gari, simu, sabufa, kila kitu. Mi muziki wangu wote niliufanya hivyo na hakuna aliyewahi kulalamika.

fundi_wa_masafa:

@mtoto_wa_ngamiani pole kwa msiba wa mzee, na hongera kwa kuzitunza kaseti. Usikonvati kitu kingine chochote leo, soma hii mpaka mwisho kwanza. Na ile flashi ya jamaa uiweke pembeni, usiiandike chochote, nitarudi kwake.

@mlalahoi_dsm kwa faili ambayo tayari ni 128, ukiipeleka 320 hujaongeza kitu, umeongeza uzito tu na umeipunguza tena kidogo. Naeleza kwa nini.

Faili za muziki ziko za familia tatu. Ya kwanza ni ile isiyobanwa kabisa, WAV na AIFF. Hapo sauti imeandikwa namba kwa namba, kwa kiwango cha CD ni vipimo 44,100 kila sekunde, kila kimoja biti 16, chaneli mbili, ukizidisha unapata 1411 kbps, hizo ni kilobiti kwa kila sekunde, yani karibu MB 10 na nusu kwa dakika. Ndo maana wimbo wako wa dakika 5 ukawa MB 53, haikuwa ubora umeongezeka, ni hesabu tu ya fomati yenyewe, hata ungeweka ukimya mtupu wa dakika 5 ungetoka na uzito huohuo.

Ya pili ni inayobana bila kupoteza, FLAC na ALAC ya Apple. Ya tatu ni inayobana kwa kutupa, MP3, AAC, WMA ya kawaida, Ogg Vorbis na Opus.

Chukulia una doti ya kanga. FLAC ni kuikunja vizuri ikae kabatini, imechukua nafasi ndogo, siku ukiikunjua ni ileile, mji, pindo na jina lake vyote vipo. MP3 ni kuchukua mkasi ukakata zile sehemu ambazo mtu akiwa mbali hazioni. Ukikata kwa akili, 320 au 256, mtu hata akisogea karibu anaweza asijue. Ukikata sana, 128, akisogea anaona. Na ulichofanya wewe cha kupeleka MP3 kwenda WAV ni kuchukua kanga iliyokatwa ukaitandaza kwenye meza kubwa. Kilichokatwa hakirudi, hakuna programu ya kukirudisha, na anayekwambia ipo anakuuzia kitu.

Kinachokatwa ni nini hasa? MP3 imejengwa juu ya tabia ya sikio. Sauti kubwa ikilia, ndogo iliyo karibu nayo kwa masafa hatuisikii, basi inaitupa au inaiandika kwa ukali mdogo. Zile za juu kabisa nazo zinakatwa, kwa 128 mara nyingi mkato uko kwenye 16 kHz hivi. Tatizo la kaseti ni ule mvumo, shhhh. Ule mvumo ni sauti isiyo na mpangilio, imetapakaa masafa yote, na MP3 inalazimika kuugawia biti kama vile nao ni muziki. Kwa hiyo kwenye 128, kinanda, fidla, ngoma na mvumo vyote vinagombania sahani moja ndogo. CD safi ikiwa 128 inaweza kuvumilika, kaseti ikiwa 128 inaumia zaidi.

Sasa kila ukikonvati kutoka fomati inayotupa kwenda nyingine inayotupa, mkasi unapita upya na haupiti palepale. Ndo hiyo yako ya kwenye pipa, imekatwa mara tatu, jamaa alikata ya kwanza, M4A ikakata ya pili, MP3 ikakata ya tatu.

Kwa hiyo shika hivi. WAV kwenda FLAC, FLAC kwenda ALAC, ALAC kurudi WAV, zunguka hata mara mia, haipotei hata biti moja. Kutoka yoyote kati ya hizo kwenda MP3, inapotea mara moja, sawa kama ni nakala ya gari na ya asili umebaki nayo. MP3 kwenda WAV au FLAC, haipungui na haiongezeki. MP3 kwenda MP3 au AAC, inapungua kila mara, hata kama namba uliyoandika ni kubwa kuliko ya mwanzo.

Na usidanganyike kubadili jina la faili kutoka .m4a kwenda .mp3 ukadhani umekonvati, umebadili lebo tu, ndani ni kilekile.

Zile ulizofuta: hujaharibu. WAV uliyotoa kwenye MP3 imebeba kila kilichokuwamo kwenye ile MP3, ubaya wake ni kwamba ukitaka MP3 tena kwa ajili ya gari utakata mara ya pili. Ila umesema jamaa alikupa flashi, na ulichofuta ni za kwenye laptopu. Kama ulikopi tu kutoka kwenye flashi, MP3 za mwanzo bado zimo humo. Kaangalie.

mtoto_wa_ngamiani:

Aisee @fundi_wa_masafa Mungu akubariki, nimekimbia kuangalia flashi na zipo zote!! Nimezikopi upya na zile WAV feki nimeziondoa.

Sasa naomba niwaonyeshe kitu. Kuna harusi moja ya shangazi (niliihesabu kwenye zile za WAV), upande A jamaa ameweka WAV na upande B ameweka MP3 128, kaseti ileile, usiku uleule. Jana nimevaa hedifoni nikasikiliza zote mbili. Upande A bi harusi anapoingia, vigelegele vinapanda unamtambua kila mmoja, nimemjua bibi yangu kwa kigelegele chake kwa sababu alikuwa anamalizia kwa kukatisha ghafla. Upande B wimbo mwingine, watu wanapiga makofi na vigelegele, lakini ni kama maji yanamwagika kwenye beseni, shwaaaa, husikii kofi moja moja wala mtu mmoja mmoja. Nilidhani kaseti ndo imechoka upande huo. Kumbe ni hiyo 128?

fundi_wa_masafa:

Ndo yenyewe. Makofi na vigelegele ni mtihani mgumu sana kwa MP3 ya biti chache, kila kofi ni mlio mfupi wenye masafa yote kwa pamoja, na yanaanguka mamia kwa sekunde bila mpangilio. MP3 inafanya kazi kwa vipande vipande, kipande kimoja kina vipimo 1152, kwa 44.1 kHz ni kama milisekunde 26. Kofi linalolia katikati ya kipande, uchafu wake unatapakaa kipande kizima, hata kabla ya kofi lenyewe. Yakiwa mengi unapata hayo maji yako. Kwenye kanuni, kile chombo cha nyuzi cha taarab, utalisikia hilohilo, ule mdonoo wa waya unakuwa laini kama umedonolewa kwa pamba.

Ukitaka kuona kwa macho shusha Spek, ni ya bure, inachora picha ya masafa. Buruta faili ya WAV ndani yake, afu ya MP3. Kwenye WAV ya kaseti utaona mvumo umepanda mpaka juu kabisa, kwenye MP3 128 utaona kama paa limekatwa kwa rula. Ni muhimu ucheki hata hizo WAV 20, kwa sababu mtu anaweza kuwa amerekodi MP3 akazigeuza WAV mwishoni kama ulivyofanya wewe. Ukikuta WAV ina paa la rula, ujue si ya asili.

Bi_Mkunazini:

Mdogo wangu Mungu amrehemu mzee wako. Mie nimezihamisha kaseti za mama yangu hapa Unguja mwenyewe, miezi saba nimechukua, kwa hivyo nisikilize na mie kidogo.

Hawa wamekueleza vizuri mambo ya kukonvati, lakini dawa yako haimo kwenye kukonvati. Kaseti unazo. Alhamdulillahi unazo! Hizo zilizoingizwa 128 zirudie kutoka kwenye kaseti yenyewe, na anza na zile za harusi, leo usingoje kesho. Za redioni zinaweza kusubiri, zile zilirekodiwa kutoka masafa ya kati au mafupi, sauti yenyewe ilikwisha finywa kabla haijafika kwenye redio ya baba yako, 128 haikukata kikubwa pale. Za harusi hazina nakala nyengine. Kaseti huota kuvu, na hewa yetu ya pwani unaijua.

Tafuta deki inayofanya kazi sawasawa, uangalie mkanda wake wa mpira haujalegea maana ukilegea wimbo unavuta. Safisha kichwa na ile roller kwa pamba na spiriti safi. Toa waya kutoka kwenye "line out" ya deki uingie kwenye "line in" ya kompyuta. Usitie kwenye tundu la maikrofoni la laptopu, lile linapandisha sauti juu kwa juu na mengi yao ni chaneli moja, utapata sauti imepasuka na hiyo haitengenezeki hata ukaipeleka kwa nani. Kama laptopu haina tundu la line in, nunua kile kiboksi cha sauti cha USB chenye line in.

Halafu kuna kitu jamaa wengi wa kuhamisha hawakifanyi, na ndicho kilichonitoa machozi mie. Pembeni ya kichwa cha deki kuna skrubu ndogo, inakaza pembe ya kichwa. Redio kaseti ya baba yako ilirekodi kwa pembe yake, na deki yako ina pembe yake, zisipolingana sauti za juu zinakufa, unasikia kama mtu ameweka shuka juu ya spika. Piga kaseti, geuza kompyuta isikilize chaneli zote mbili zimechanganywa kuwa moja, chukua bisibisi ndogo uzungushe ile skrubu taratibu sana, robo ya mzunguko hata haifiki, mpaka ghafla sauti ing'ae. Utaijua tu. Mie nilikuwa nazungusha, mara nikasikia bangili za mama zinagongana anapopiga tari. Miaka yote nasikiliza kaseti ile sikuwahi kuzisikia.

Rekodi biti 24, 48 kHz au 44.1 yoyote sawa, na kilele cha sauti kisipite -6 dB, usiache taa nyekundu iwake hata mara moja. Hifadhi WAV, halafu geuza FLAC.

kaka_wa_likoni:

Hapo kwa skrubu umenena kweli dada. Mimi naongeza upande wa kompyuta maanake naona bado hajaambiwa atumie nini.

Ndugu yangu wa Tanga, kama unapenda kubonyeza tu, chukua fre:ac, ni ya bure na iko kwa Windows, Mac na Linux. Buruta folda nzima, chagua FLAC, mpe folda ya kutolea, basi. Kama huogopi kuandika amri, kuna programu ya ffmpeg, hiyo ni mwisho wa maneno. Kwa Windows fungua kile kidirisha cheusi cha Command Prompt ndani ya folda uandike:

for %f in (*.wav) do ffmpeg -i "%f" -c:a flac "%~nf.flac"

Itapitia zote moja moja. Kisha ukishapata FLAC zako, za gari unatoa hivi:

for %f in (*.flac) do ffmpeg -i "%f" -c:a libmp3lame -q:a 0 "%~nf.mp3"

Hio -q:a 0 ndio ile LAME, programu ya kutengeneza MP3, inaita V0, haiweki bitireti moja kwa wimbo wote, inaongeza pale kuna kazi kama hayo makofi yako na kupunguza pale mtu anaongea peke yake, wastani wake huwa karibu 245 kbps. Kwangu ni bora kuliko 320 ya moja kwa moja kwa flashi ya gari, nafasi inabaki.

Ya dada wa Muscat, iPhone inafungua FLAC kwa ile programu ya Files, lakini hutaiingiza kwa maktaba ya Music. Mfanyie ALAC, ni hiohio amri, badala ya flac andika alac na mwisho wa jina uweke .m4a. Haipotezi kitu. Wa Leeds mtumie FLAC.

Na mambo mawili nimeona watu wakiumia. La kwanza, usitumie Audacity kukonvati. Kurekodi ni nzuri sana, mimi mwenyewe ndiyo natumia, lakini ukifungua WAV ya biti 16 na kuitoa tena, kwa mipangilio yake ya kawaida inaweza kunyunyizia kelele ndogo sana inaitwa "dither". Sikio halisikii lakini hapo faili si ileile tena, na wewe unataka ileile. La pili, hakikisha. Usifute WAV kabla hujahakikisha. Ukiwa na faili za biti 16 andika:

ffmpeg -i harusi.wav -f md5 -
ffmpeg -i harusi.flac -f md5 -

Kila moja itakupa mstari mrefu wa herufi na namba. Ikiwa mistari ni sawa, sauti ndani ni sawa biti kwa biti. Usilinganishe faili zenyewe, linganisha sauti kama hivyo, maanake vichwa vya faili na tagi hubadilika. Zile za biti 24 utaongeza -c:a pcm_s24le kabla ya -f, la sivyo itazikata ziwe 16 kabla ya kulinganisha na utapata jibu la uongo. FLAC nayo imebeba alama yake ya MD5 ndani, kwa hio hata baada ya miaka kumi ukiandika flac -t mbele ya jina la faili itakwambia kama imeoza au bado iko sawa. WAV haina hicho kitu. WAV pia tagi zake ni za shida, utaandika jina la mwimbaji na mwaka, programu nyingine haizioni. Hio peke yake inatosha kuniweka kwa FLAC.

mlalahoi_dsm:

Nimesoma yote na nimejifunza, ile ya 128 kwenda 320 nilikosea na namshauri mtoto_wa_ngamiani asinifuate. Ila naomba na mimi nieleweke, kutoka FLAC kwenda MP3 320 au hiyo V0, mtu wa kawaida kwenye gari, injini inanguruma, vioo viko wazi, hasikii tofauti. Nimejaribu mwenyewe saa hizi. foobar2000 kuna kijaribio cha kuongeza kinaitwa ABX, kinakuchezea bila kukwambia ipi ni ipi, nikachagua mara 16, nikapatia 9. Ni kubahatisha tu hiyo. Nikajaribu na 128 ya kaseti ya mzee wangu ya sikinde, hapo nikapatia 15 kati ya 16, tena bila kuhangaika. Kwa hiyo asiogope MP3 yenyewe, aogope kuifanya ndo ya asili.

fundi_wa_masafa:

Nakubaliana na wewe asilimia zote, na kipimo chako ndo kipimo sahihi, watu wengi wanabishana bila kufumba macho.

Zile M4A 9 tusizisahau. M4A ni sanduku tu, ndani inaweza kuwa AAC iliyobanwa kwa kutupa au ALAC ambayo haijatupa kitu. Shusha MediaInfo, fungua moja, isome panapoandikwa sauti. Ikisema ALAC una bahati, geuza FLAC na hujapoteza kitu. Ikisema AAC, ziache kama zilivyo, usizigeuze kabisa, na kaseti zake uziingize kwenye foleni ya kurudiwa.

Zile MP3 za redioni ambazo hutazirudia, ziache MP3 kama zilivyo, gari linazisoma tayari. Ukitaka kukata ule ukimya wa mwanzo na wa mwisho tumia mp3DirectCut, inakata kwenye mipaka ya vile vipande vya milisekunde 26 bila kufungua na kubana upya. Ukikata kwa programu ya kawaida ukasevu, umeshabana mara ya pili.

Flashi ya gari ifomatiwe FAT32, redio nyingi hazisomi exFAT wala NTFS. Na ukiwatumia ndugu kwa WhatsApp tuma kama dokyumenti, faili ifike kama ilivyo.

mtoto_wa_ngamiani:

Wakuu nimerudi na ripoti, samahani nimechelewa wiki tatu, deki ilikuwa ngumu kupata, mwisho nimeazima kwa mzee mmoja wa msikitini kwetu, na fundi amebadilisha mkanda wake.

Za M4A zote 9 ni AAC, kwa hiyo zimeingia foleni. WAV 20 nimezipitisha Spek, 17 safi, 3 zina paa la rula kama mlivyosema, nazo zimeingia foleni. Hizo 17 nimezifanya FLAC kwa ile amri ya kaka wa Likoni, nikalinganisha MD5 moja moja mpaka usiku wa manane, zote zimelingana. Zilikuwa GB 10.8 zimekuwa GB 6.9. Nilitegemea zipungue zaidi.

Halafu jumapili nimeirudia kaseti ya harusi ya shangazi, upande B. Dada @Bi_Mkunazini, ile skrubu. Mkono ulikuwa unanitetemeka, nikazungusha kidogo mno hata sikuona kama imesogea, na ile shuka ikatoka kwenye spika. Makofi yapo, moja moja. Mama alikuwa jikoni anakuna nazi, akaacha mbuzi palepale akaja kusimama mlangoni. Akaanza kutaja majina, huyu ni fulani, huyu fulani anayecheka, huyu alikuwa jirani yetu akahamia Pangani. Nimechukua daftari nimeandika majina yote na dakika wanayosikika. Naweza kuyaingiza ndani ya faili?

fundi_wa_masafa:

Zimepungua asilimia 36 na hiyo ni kawaida kwa kaseti. FLAC inabana kwa kutabiri namba inayofuata, na mvumo hautabiriki, kwa hiyo ule shhhh unabaki na uzito wake. Usijaribu kuusafisha kwenye faili ya asili ili ipungue, ukitaka kusafisha safisha nakala.

Majina ndiyo, tena yaingize leo mama akiwa anakumbuka. FLAC inapokea tagi ndefu tu, tumia Mp3tag, kwenye sehemu ya maelezo andika majina yote na dakika zake, mahali, na mwaka wa harusi. Ukija kutoa MP3 au ALAC kutoka kwenye hiyo FLAC, ffmpeg inazibeba tagi nyingi yenyewe, ila fungua moja uhakikishe.

Bi_Mkunazini:

Nimelia hapa. Mdogo wangu, FLAC hizo weka sehemu tatu, diski moja nyumbani, moja kwa ndugu nyumba nyengine, na nakala aondoke nayo yule wa Leeds au wa Muscat akija likizo. Na kaseti usizitupe hata baada ya kumaliza. Zirudishe kwenye sanduku zimesimama wima, mbali na spika na mbali na dirisha. Hiyo inayofuata kwenye foleni ni ya nani?

mtoto_wa_ngamiani:

Ni ya harusi ya baba na mama.